Glasi ya Nne Kutoka Taiwan

Nasike Wechuli alikuwa ameshaonja glasi tatu na kuziandikia alama zake. Ya nne aliiinua, akaizungusha kidogo, akaitia puani, kisha akairudisha mezani bila kuigusa na midomo.

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, wakati ambao waonjaji huupenda kwa sababu ulimi bado haujachoshwa na chakula. Madirisha ya ukumbi wa hoteli yalikuwa wazi kuelekea ziwani. Mezani palikuwa na glasi sita zilizoandikwa nambari, maji ya uvuguvugu, biskuti zisizo na chumvi na bakuli la kutemea. Upande wa pili aliketi Mzee Owiti, mwalimu wake, mtu aliyeonja vinywaji vikali kwa miaka thelathini na bado alifunga tai kila alipofanya kazi hiyo. Ni yeye aliyemtoa Nasike katika kiwanda cha chai kule Kericho, akimwambia kwamba pua kama yake ilikuwa inapotea bure kwenye majani.

Wiski zote sita zilitoka Taiwan. Wanunuzi wa mahoteli ya Kisumu walizoea za Uskoti, na wengi walicheka waliposikia jina la kisiwa hicho. Dishon Amolo, aliyeziagiza, hakuchoka kuwaeleza kwamba Taiwan kuna joto kama la Kisumu, na kwamba wiski iliyo ndani ya pipa hukomaa upesi penye joto. Mchana huo wanunuzi wangekuja kusikia alama. Na kwa kuwa kila mtu alijua Dishon na Nasike wanapendana, Mzee Owiti alimimina zote mwenyewe nyuma ya pazia, ili moyo wa msichana usije ukashika kalamu.

Lakini Nasike alizifahamu zote sita. Wiki mbili nyuma alikuwa ameziandikia kurasa nzima. Kulikuwa na moja yenye harufu ya embe lililoiva kupita kiasi, moja ya zabibu kavu na ngozi mpya, moja iliyomkumbusha mchele wa Ahero unapotoka kukobolewa ukiwa bado na joto. Hii iliyokuwa mbele yake haikuwa yoyote kati ya hizo.

"Mzee, hii si yetu," alisema.

"Labda ni pipa tofauti."

"Pipa tofauti hubadilisha tabia. Hii haina tabia kabisa. Ni sukari iliyoungua, na chini yake hakuna kitu. Halafu kuna ukali kama wa duka la rangi."

Mzee Owiti aliivuta glasi, akainusa. Alipoinuka kwenda nyuma ya pazia alitembea taratibu, na aliporudi alikuwa na chupa yenye lebo nyekundu. Theluthi yake ilikuwa imekwisha.

"Imefunguliwa jana," alisema. "Nilimuuliza Dishon alipoileta asubuhi. Alisema aliifungua mwenyewe jioni, kule stoo, akanywa glasi mbili au tatu. Aliniambia jana haikuwa siku nzuri."

Nasike alijua kwa nini haikuwa siku nzuri.

Jana Dishon alikwenda Ahero bila kumwambia, akavaa shati lake jeupe, akasimama mlangoni kwa mama yake Nasike kuomba ruhusa ya kuleta wazee. Mama Metrine hakumkaribisha ndani. Alimwambia kwamba yeye hana neno na Mjaluo wala Mluhya, ila binti yake hataolewa na mtu wa pombe, kwa kuwa nyumba hiyo tayari ina kipofu mmoja na anatosha. Kipofu huyo alikuwa Mzee Wechuli, baba yake Nasike, aliyekuwa ndani akisikia kila kitu. Miaka kumi na sita iliyopita alikunywa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, iliyochanganywa na kemikali. Majirani watatu walizikwa wiki hiyo. Yeye alibaki hai, lakini macho hayakurudi. Nasike alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake alimwapisha mbele ya kitanda cha hospitali kwamba pombe haitapita kooni mwake maisha yake yote.

Hakuwahi kuvunja kiapo hicho. Alionja na kutema. Lakini pia hakuwahi kumwambia mama yake kazi anayoifanya. Nyumbani walijua anakagua vyakula.

Hilo ndilo Dishon alilompigia simu kumuuliza jana jioni. Alisema amesimama mlangoni peke yake akiitwa mtu wa pombe, na mtu ambaye angesimama naye amejificha. Nasike alimjibu kwamba hakumtuma. Kisha akakata simu, na tangu hapo hawakuzungumza.

"Mzee," alisema sasa, na sauti yake ilikuwa imepungua, "asubuhi ulimwona yuko vipi?"

"Alikuwa anaumwa kichwa. Nikafikiri ni pombe ya jana tu." Mzee Owiti aliiweka chupa mezani. "Alisimama hapo dirishani akasema leo kuna ukungu mwingi. Kwamba hata ng'ambo haionekani."

Nasike aligeuka akatazama nje. Jua lilikuwa limetanda juu ya maji. Aliona gugumaji likielea karibu na ufuo, mashua mbili zikirudi Dunga, na mbali kabisa, ng'ambo ya ghuba, vilima vya Nyakach vikiwa wazi hivi kwamba mtu angeweza kuonyesha kwa kidole mahali mikunjo yake inapoanzia. Hakukuwa na ukungu. Tangu alfajiri hakukuwa na ukungu.

Aliichukua ile chupa mezani.

"Nipeleke Otonglo, stoo kwa Dishon," alisema.

Mzee Owiti aliendesha gari lake kuukuu kwa kasi ambayo Nasike hakujua kuwa anayo. Chupa ilikuwa mapajani mwa Nasike, imezungushiwa leso. Alipiga simu ya Dishon mara tisa. Iliita mpaka ikakatika, mara tisa. Kila mara alijiambia kwamba ni hasira tu, anamnunia, ana haki ya kununa. Na kila mara alihesabu masaa. Jana saa kumi na mbili jioni mpaka leo saa tano kasoro. Baba yake alikunywa jioni, na asubuhi alisema mkewe amesahau kufungua madirisha.

Stoo ya Dishon ilikuwa nyuma ya soko, mlango wa mabati uliopakwa kijani. Nje alikuwa Obonyo, mtoto wa baba mdogo wa Dishon, aliyekuwa mtunza stoo. Alipomwona Nasike akishuka na ile chupa, aliinua uso, kisha akauinamisha upesi. Nasike aliliona hilo, lakini hakusimama.

Ndani kulikuwa na joto. Dishon alilala juu ya maboksi yaliyobomolewa, mkono mmoja umefunika macho. Alikuwa anapumua kwa kina na kwa haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Kama umekuja tugombane," alisema bila kusogeza mkono, "ngoja kwanza kichwa kipoe."

Alikuwa amemtambua kwa hatua zake. Nasike alipiga magoti kando yake. Alitaka kumshika uso, akaogopa atakachokikuta.

"Sijakuja tugombane. Toa mkono uniangalie."

"Mwanga unaniumiza."

"Niangalie, Dishon. Nimevaa nini?"

"Umevaa hasira."

"Rangi gani?"

Alitoa mkono. Macho yale, ambayo kwa mwaka mzima yalikuwa yakimtafuta katika kila chumba walichoingia na kutulia yakimpata, yalipita juu ya uso wake, yakaenda kando, yakarudi. Hayakutulia popote.

"Nyeupe?" aliuliza.

Gauni lake lilikuwa la samawati iliyokolea.

"Kila kitu ni cheupe, Nasike," akasema, na sasa mzaha ulikuwa umemtoka. "Tangu asubuhi. Nilifikiri ni ukungu, halafu nikafikiri ni usingizi. Ni kama mtu amemwaga maziwa kwa macho. Nilikuwa naogopa kukupigia. Simu nilikuwa naisikia lakini siioni."

Nasike alisimama, akatoka nje, akamwendea Obonyo. Hakupaza sauti. Hakuwa na pumzi za kupaza sauti.

"Uliweka nini kwa hii chupa?"

"Mimi sijui, shemeji."

"Kaka yako haoni. Sikuulizi kwa nini ulifanya. Nakuuliza uliweka nini, kwa sababu daktari ataniuliza, na kila dakika unayonificha, anaipoteza yeye."

Obonyo alitazama mlango wa stoo. Akasema yote kwa pamoja, maneno yakigongana. Kwamba kulikuwa na mtu aliyetaka wiski hiyo kwa ajili ya harusi. Kwamba aliitoa ile ya kweli, akajaza chupa kwa spiriti ya mtungi anayouza jamaa mmoja nyuma ya soko, akaipaka rangi kwa sukari ya kuungua na kubandika kizibo upya. Kwamba alidhani itafika tu kwa kabati la hoteli, hakuna mtu angejua. Kwamba jana alimwona Dishon akiifungua, na akashindwa kusema.

"Ni chupa hii moja tu?"

"Moja tu. Naapa kwa mama."

"Rudi kwa huyo jamaa," Mzee Owiti alimwambia. "Uwaambie wote walionunua mtungi huo waende hospitali sasa hivi. Wote, hata wanaosema wako sawa. Ukimaliza uje utueleze."

Obonyo aliondoka akikimbia.

Walimwingiza Dishon kwenye gari, kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani kwa Nasike. Alimfunika macho kwa leso. Njiani Dishon alimshika kifundo cha mkono, si kwa mahaba, bali kama mtu aliye kwenye maji.

"Kama macho yataenda," alisema, "usibaki. Nimeiona nyumba yenu. Nimemwona mama yako. Sitaki uwe hivyo."

"Nyamaza, tafadhali."

"Niahidi."

"Sitakuahidi kitu," Nasike alisema. Aligeuza uso machozi yasije yakamwangukia, maana angejua.

Daktari aliyewapokea aliitwa Ajwang, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye hakupoteza neno. Alisikiliza habari ya chupa, akamulika macho ya Dishon, akaamuru damu ipimwe na awekewe maji ya mshipani. Nasike alipewa kiti koridoni. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakulipanga. Alimpigia mama yake.

Alimwuliza baba alipougua, kitu cha kwanza alichosema kilikuwa nini, na baada ya hapo ilichukua muda gani. Mama Metrine aliuliza kwa nini anataka kujua. Nasike alimwambia. Akamwambia pia nani, na wapi, na kwamba alikunywa baada ya kutoka mlangoni kwake. Kisha simu ikakatika.

Daktari Ajwang alirudi baada ya dakika ishirini.

"Damu yake imejaa asidi," alisema. "Ni sumu hiyo mliyoihofia. Nimeagiza mashine ya kusafisha damu, lakini kuna mgonjwa juu yake mpaka saa tisa. Dawa yenyewe hatuna, na ikitoka Nairobi itafika kesho. Kuna njia moja ya kuizuia sumu isiendelee kuharibu wakati tunangoja, nayo ni pombe. Pombe safi ya kunywa, kwa kipimo. Mwili hushughulika na hiyo kwanza, na ile mbaya inabaki bila kufanya kazi mpaka tuitoe."

Nasike alidhani amesikia vibaya.

"Unataka kumpa pombe?"

"Nataka kumpa pombe ninayoijua nguvu yake, na ninayojua haijachezewa. Ningetuma mtu dukani, lakini sasa hivi sijui nani amejaza nini huko, na huyu hawezi kustahimili sumu mara ya pili. Huyu mzee ameniambia mna chupa zingine, na kwamba wewe unazijua."

Mzee Owiti alikuwa tayari ameshazileta kutoka hotelini, zote tano, ndani ya kikapu. Alizipanga kwenye meza ndogo ya chuma kando ya kitanda. Nyuma ya pazia la jirani mtoto alikuwa akikohoa. Nasike alitazama chupa zile alizozipenda, alizozitafutia maneno mpaka usingizi ukamkimbia, na kwa mara ya kwanza maishani aliziogopa. Obonyo aliapa ni moja tu. Lakini Obonyo alikaa usiku mzima akijua.

Walimpa vikombe vya plastiki vya dawa. Alinusa ya kwanza, akaiweka. Ya pili akaiweka. Pua yake, iliyomtii kila siku, haikumwambia kitu zaidi ya harufu ya dawa ya kuoshea sakafu.

"Sinusi kitu," alimnong'oneza Mzee Owiti. "Imeondoka."

"Haijaondoka. Funga macho. Pumua nje kwanza, yote. Usitafute sumu, maana haina harufu ya kujitambulisha. Tafuta rafiki yako."

Alifunga macho. Alipumua nje mpaka kifua kikabaki kitupu. Kwenye kikombe cha tatu, polepole, kama mtu anayekuja kutoka mbali, harufu ilifika. Mchele unaotoka kukobolewa. Ganda la ndizi. Mbao iliyopasuliwa jana. Alingoja, akarudia, na kila kitu kilikuwa mahali pake, hakuna kilichoongezwa na hakuna kilichopunguzwa. Wiki mbili nyuma aliipa alama tisini na moja kati ya mia.

"Hii," alisema. "Asilimia arobaini na sita. Ni yenyewe."

"Una hakika?" aliuliza daktari.

Nasike alimtazama Dishon, leso machoni, kifua kikipanda na kushuka kwa haraka ile ile. Alijua kuimeza hakutathibitisha chochote ambacho pua haijasema. Lakini hakuweza kumwekea mtu huyu mdomoni kitu ambacho yeye mwenyewe hajathubutu kukimeza. Kama alikuwa amekosea, basi wakosee wawili.

Aliinua kikombe, akafumba macho, akanywa, akameza.

Iliteremka ikiwaka mpaka tumboni. Alipofungua macho, mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

Mama Metrine alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Ahero, kitambaa cha kichwa kimelegea, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitazama kikombe mkononi mwa binti yake. Alitazama chupa tano. Daktari Ajwang alichukua ile chupa ya tatu, akapima kiasi, akachanganya na sharubati ya machungwa, na muuguzi akamwinua Dishon wakaanza kumnywesha taratibu.

"Mama," Nasike alisema, "hii ndiyo kazi yangu. Sikagui vyakula. Nilikuwa nakuogopa."

Mama Metrine alivuta kiti cha koridoni, akakiweka karibu na ukuta, akaketi. Nasike alimfuata, akachuchumaa mbele yake, akingoja kutukanwa. Alikuwa tayari.

"Ulijuaje kwamba ni mbaya?" mama aliuliza.

"Nilinusa."

"Ukasema."

"Nikasema, ndiyo."

Mama Metrine alikuwa anaitazama sakafu. Alizungumza kwa sauti ndogo, hata ikambidi Nasike amsogelee.

"Siku ile baba yako amekunywa, mimi nilijua. Mchana wake nilikuwa kisimani. Mke wa jirani alinieleza kwamba mumewe ameamka haoni vizuri, na kwamba wanasema ni ile pombe ya kilabu cha juu. Nikarudi nyumbani. Jioni baba yako akachukua koti lake. Nikamwuliza anaenda wapi, akaniambia kwa kilabu cha juu." Alivuta ncha ya kitambaa chake. "Wiki hiyo alikuwa amenipiga. Nilikuwa nimechoka, Nasike. Nilimwangalia akifunga vifungo vya koti. Nikasema moyoni, wacha aende. Sikufikiri atakuwa kipofu. Sijui nilifikiri nini. Nilinyamaza tu."

Nasike hakuweza kusogea. Hofu aliyokuja nayo tangu asubuhi ilikuwa na jina na uso. Hii ilikuwa nyingine, na aliisikia ikiingia mahali ambapo alidhani anapajua.

"Miaka kumi na sita nimemwongoza mpaka choo," mama yake alisema. "Watu wa kanisa wananiita mfano. Jana nilimfukuza huyu kijana kwa mlango nikasema ni pombe. Si pombe. Nilimwangalia nikajiona mimi siku ile, nikaogopa kwamba wewe ni damu yangu. Kwamba siku moja utamchoka, na utajua kitu, na utanyamaza."

Nasike aliweka paji la uso kwenye magoti ya mama yake. Mkono mkavu ukatua kichwani pake, ukakaa hapo.

Masaa yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko yote aliyowahi kuyaishi. Kila saa muuguzi alileta kipimo kingine. Nasike alikinusa kabla hakijapita, hata alipojua ni chupa ile ile. Wanaume watatu wa Otonglo waliletwa na Obonyo, mmoja akiwa amebebwa, na baada ya hapo Obonyo mwenyewe akaenda na polisi kuwaonyesha mlango wa jamaa wa mtungi, bila kushikwa mkono. Saa tisa mashine ikapatikana. Dishon alipelekwa akiwa amelewa, akiongea Kijaluo na mama yake aliyefariki, na Nasike aliyasikia maneno hayo kupitia mlangoni, akauma kitambaa cha gauni lake asipige kelele. Mara mbili pumzi zilibadilika na watu wakakimbia. Mara mbili alijua amekuwa mjane kabla ya kuwa mke.

Damu ilitulia alfajiri. Kuhusu macho, Daktari Ajwang hakutaka kuahidi. Alisema leso ibaki mpaka mwanga usimwumize, na kwamba wengine hupona, wengine huona nusu, wengine hapana. Wangejua ndani ya siku chache.

Saa mbili asubuhi Dishon alikuwa macho, uso umepauka, leso bado machoni. Nasike alikuwa ameketi kitandani akiwa amemshika mkono. Hakuwa amemwuliza lolote kuhusu kuona, naye hakuwa amesema. Wote wawili walilizunguka swali hilo.

Mama Metrine aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa hajalala. Alijifunga kitambaa vizuri, akasimama miguuni pa kitanda.

"Kijana," alisema.

"Mama."

"Juzi ulikuja kwangu na maneno. Nikakuacha juani."

"Haidhuru, mama."

"Inadhuru. Utayaleta tena ukipata nguvu. Na usije peke yako, hakuna anayeposa peke yake. Njoo na watu wako, nami nitapika." Alishika chuma cha kitanda. "Macho yawe mazima au yasiwe mazima, njoo. Sijasema kitu juu ya macho."

Vidole vya Dishon vilikaza mkono wa Nasike.

"Sasa narudi Ahero," mama aliendelea, akimgeukia binti yake. "Mzee amelala peke yake, hata chai hajanywa. Na kuna jambo miaka kumi na sita sijamwambia."

Nasike aliinuka upesi. "Ngoja nije nawe. Usimwambie peke yako."

"Hapana. Hili ni langu. Wewe kaa na lako."

"Itakuwaje akikufukuza?"

"Basi nitakuwa nimefukuzwa."

Alichukua mkoba wake wa kamba, akawaaga kwa kichwa, akaenda kuelekea mlango wa mwisho wa wodi. Alitembea wima, hatua zake zilikuwa za mtu anayekwenda sokoni, na Nasike, aliyeogopa kila kitu tangu jana, alijaribu kujifariji kwamba angalau mama yake haogopi. Alimsindikiza kwa macho mpaka karibu na mlango, akasikia Dishon akijisogeza nyuma yake, na kitanda kikilia.

"Mfuate," Dishon alisema taratibu.

"Amekataa."

"Mfuate tu mpaka kwa geti, Nasike. Angalia mikono yake. Anatetemeka."

Nasike alitazama. Kule mwisho wa wodi, hatua arobaini kutoka kitandani, vidole vya mama yake vilikuwa vikihangaika na kitasa, vikiteleza, vikirudi. Yeye hakuwa ameviona.

Aligeuka. Leso ilikuwa imeanguka juu ya shuka. Macho ya Dishon yalikuwa mekundu, yamejaa maji kwa sababu ya mwanga, na yalikuwa yametua juu ya uso wake, yakatulia hapo.

"Nenda," alisema. "Mimi nipo."

Nasike alimshika uso kwa mikono yote miwili, mara moja, kisha akakimbia kumfuata mama yake.